Babu wa Kuazima

Nimechoshwa na miaka 2,000.

Ukiingia karibu ukumbi wowote wa taekwondo utaukuta umri huo umebandikwa ukutani, au umechapwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha wanafunzi. Sanaa hii, wanakwambia, ilianza kwa Hwarang, vijana wapiganaji wa ufalme wa Silla, ikapokezanwa mkono kwa mkono bila kukatika hadi ikamfikia huyu bwana anayekudai ada ya mwezi. Pembeni huwekwa picha ya mchoro kutoka kaburi la enzi ya Goguryeo: wanaume wawili wamekabiliana, mikono mbele. Huenda wanapigana. Huenda wanacheza. Mchoro wenyewe umenyamaza, lakini kijitabu hakinyamazi.

Mimi nafundisha taekwondo jioni tatu kwa wiki katika ukumbi wa shule ya msingi hapa Mombasa. Nina mkanda mweusi, dani ya tatu. Nayasema haya mapema kwa kuwa nalijua jibu la kwanza nitakalopewa: huyu ni nani hata aseme? Na ugomvi wangu unaanzia hapo hapo. Katika sanaa za mapigano za Korea, swali la "wewe ni wa nani?" limekalia kiti cha swali la "wewe unajua kufundisha nini?"

Tuanze na historia, tusije tukabishana hewani.

Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Vijana wa Kikorea waliopata nafasi ya kusoma Tokyo waliikuta huko karate, iliyokuwa imeletwa kutoka Okinawa na walimu kama Gichin Funakoshi. Won Kuk Lee alijifunza kwa Funakoshi, akarudi Seoul, na mwaka 1944 akafungua Chung Do Kwan. Ro Byung Jik, mwanafunzi mwingine wa Funakoshi, akafungua Song Moo Kwan mjini Kaesong. Yoon Byung-in, ambaye kabla ya hapo alijifunza mapigano ya Kichina huko Manchuria, alisoma karate kwa Toyama Kanken. Kwan maana yake ni nyumba, au ukumbi. Nyumba hizi chache ndizo zilizoizaa taekwondo, na wakati zinafunguliwa jina taekwondo halikuwapo duniani. Wengi wao waliita walichofundisha tangsudo. "Tangsu" ni matamshi ya Kikorea ya herufi mbili zile zile za Kichina ambazo Wajapani walizisoma "karate", kabla hawajaibadili herufi ya kwanza katika miaka ya 1930. Jina taekwondo lilipitishwa mwaka 1955, likisukumwa na jenerali wa jeshi, Choi Hong Hi. Naye alikuwa amejifunza karate Japani.

Ukitaka ushahidi unaoweza kuuona kwa macho, tazama mfululizo wa miondoko mitano ambao Itosu Anko wa Okinawa aliutunga mwanzoni mwa karne ya 20 ili ufundishwe shuleni. Waokinawa huuita Pinan. Wajapani huuita Heian. Wakorea wa tangsudo huuita Pyong Ahn. Herufi ni zile zile mbili, zenye maana ya amani na utulivu. Kilichobadilika ni ulimi wa anayezisoma. Mpange mtu wa Naha, wa Tokyo na wa Seoul mstari mmoja, uwaambie waanze, utaona watoto wa mama mmoja waliokulia mitaa mitatu.

Hayo si siri. Wanahistoria kama Steven Capener na Udo Moenig wameyaandika kwa urefu. Hata ndani ya nyumba yenyewe, Lee Chong Woo, mmoja wa wazee walioijenga taekwondo ya mashindano na kushika madaraka makubwa Kukkiwon, aliliambia jarida la Shin Dong-A mwaka 2002 kwamba taekwondo ilitokana na karate. Mzee mwenyewe kasema. Vijitabu vikaendelea kuchapwa.

Naelewa uongo huu ulizaliwaje, na siwezi kuucheka. Chini ya utawala wa Japani, Wakorea walisukumwa kubadili hata majina yao na kuchukua ya Kijapani. Lugha yao iliondolewa madarasani. Mwaka 1945 uhuru unapofika, wewe ni kijana wa Seoul, unacho kitu kimoja unachokijua vizuri kuliko wengine, na kitu hicho umekipata kwa mtawala. Utamwambia nani? Inasimuliwa kwamba mwaka 1954 rais Syngman Rhee aliwatazama askari wa Choi Hong Hi wakivunja vigae kwa ngumi, akafurahi, akasema hiyo ni taekkyon, mchezo wa mateke wa Wakorea wa zamani. Nani angesimama mbele ya rais aliyetumia maisha yake kuwapinga Wajapani, amsahihishe? Jina lililotungwa mwaka uliofuata likafananafanana na taekkyon, na si kwa bahati.

Kwa hiyo kizazi kile nakisamehe. Nisichokisamehe ni sisi wa leo, ambao hatuna rais wa kumwogopa, kuendelea kumvalisha babu wa kuazima kanzu na kumketisha mbele ya watoto.

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye mtihani wa mikanda. Mmoja wao, msichana wa miaka 14, ni msomaji. Ukimpa kitabu Ijumaa, Jumatatu anakurudishia pamoja na maswali. Alipiga mateke yake vizuri, akavunja ubao wake, akafika kwenye meza ya maswali ya mdomo.

"Taekwondo ina umri gani?" mtahini akamwuliza.

"Jina ni la mwaka 1955, Sabum. Ngumi zilitoka Japani. Mateke Wakorea wenyewe wameyageuza yakawa yao."

Akanyimwa alama zote za nadharia, na mkanda wake ukacheleweshwa miezi sita. Mtahini akaniita pembeni, akanishika bega kwa upole kabisa, akaniambia, "Mwalimu, usiwazoeze watoto kudharau wazee."

Neno hilo ndilo lililoniandikisha makala hii. Kudharau wazee! Nimekisoma kijitabu kile kutoka jalada hadi jalada. Hwarang wamo. Silla imo. Won Kuk Lee hayumo. Yoon Byung-in hayumo, wala Chun Sang Sup, aliyeanzisha mafunzo yaliyokuja kuwa Ji Do Kwan. Wawili hawa walipotelea katika vita vya Korea, na Seoul haikuwaona tena. Wanafunzi wao ndio waliookota walichoacha na kukiendeleza. Walikuwa watu halisi, wenye jasho na madeni ya kodi ya ukumbi, waliofundisha mji uliochoka kwa vita, na miaka 2,000 imewakalia juu kama jiwe. Ukisema sanaa ilikuwa tayari imekamilika tangu enzi za Silla, basi hawa walifanya nini? Walipitisha tu barua. Sasa niambie, nani kamdharau mzee: yule msichana, au kijitabu?

Tena uongo unawanyima Wakorea sifa yao kubwa. Choi Hong Hi alitunga miondoko yake na kuipa majina ya watu wa historia ya Korea. Mmoja unaitwa Joong-Gun, kwa heshima ya An Jung-geun, aliyempiga risasi Ito Hirobumi huko Harbin mwaka 1909. Ito ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Japani aliyewekwa kuisimamia Korea. Miondoko ni 32, umri wa An aliponyongwa mwaka 1910. Sasa itazame miguu na mikono: kuzuia, kupiga, kusimama, matofali yake mengi yamechomwa katika tanuri la karate. Jenerali alichukua matofali ya mtawala akamjengea kaburi la heshima mtu aliyemwua mwakilishi wa mtawala. Mimi sioni aibu hapo, naona ujasiri. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa kwamba matofali ni ya Silla hawezi kuuona.

Na mateke! Wapiganaji wa miaka ya 1960 na 1970, wakishindana wakiwa wamevaa kinga ya kifua, waligundua kwamba teke lina faida kuliko ngumi, wakaligeuza, wakalizungusha, wakaliruka, hadi likawa kitu ambacho Funakoshi asingekitambua. Hiyo ndiyo taekwondo. Ina umri wa baba yangu. Mwaka 2016 huko Rio, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alikuwa nyuma kwa alama hadi sekunde ya mwisho ya fainali, akazungusha teke la kichwa, akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake. Teke lile halikutoka kaburini Goguryeo.

Nije kwenye vyeti, maana nasaba ya uongo isingekuwa na madhara makubwa kama isingekuwa na mhuri.

Mwalimu wangu alikuwa fundi wa friji. Alijifunza kwa askari mmoja, na askari alijifunza kwa Mkorea aliyekaa Nairobi miaka michache. Nyuma ya huyo Mkorea sijui lolote, wala mwalimu wangu hakujifanya kujua. Cheti chake kilikuwa cha ITF, shirikisho ambalo Choi Hong Hi alilianzisha Seoul mwaka 1966. Jenerali aligombana na serikali yake, akahamia Kanada mwaka 1972. Seoul ikaendelea bila yeye: Kukkiwon ikafunguliwa mwaka huo huo, na mwaka 1973 likaundwa shirikisho jipya, lile ambalo leo linaitwa World Taekwondo na ndilo lenye mlango wa Olimpiki. Familia ikawa na nyumba mbili zisizosalimiana. Jenerali alifia Pyongyang mwaka 2002, na jina la ITF likabaki likigombaniwa na mashirika yasiyopungua matatu, mojawapo la mwanawe wa kumzaa. Hata damu haikumaliza ubishi.

Mawimbi hayo yalitufikia huku. Klabu yetu ilipoamua kufuata upande wa Olimpiki, mwalimu wangu, dani ya nne, aliambiwa na chama kimoja ambacho sitakitaja kwamba cheti chake hakitambuliki. Akapewa dani ya kwanza. Kwenye kupanga mstari akawa anasimama nyuma ya kijana wa miaka 20 aliyemfundisha yeye mwenyewe namna ya kufunga mkanda. Kijana alikuwa anaona haya kuliko yeye. Mwalimu aliufunga mkanda aliopewa, akaja Jumanne kama kawaida.

Alijua vilevile kilichokuwa kimebaki mikononi mwake. Nilipokuwa napiga teke la mzunguko bila kuzungusha mguu niliosimamia, alikuwa haongei. Anakuja, anaweka kiganja kwenye nyonga yangu, na kwa kidole gumba cha mguu wake anasukuma kisigino changu kigeuke. Mara mia, mara mia mbili. Mwili ukigeuka na wayo ukabaki umeng'ang'ania sakafu, anayelipa ni goti. Leo nina miaka 38 na magoti yangu yanapanda ngazi bila kulalamika. Najua watu wenye vyeti safi, vyenye namba na muhuri wa dhahabu, waliofundishwa ovyo, ambao wanashuka ngazi kinyumenyume.

Kabla ya taekwondo nilisoma madrasa, kama watoto wengi wa hapa, na huko nilikuta namna nyingine ya kuhesabu walimu. Sheikh akikupa ijaza anakuandikia: umesoma kitabu fulani, umekisoma kwangu, nami nilikisoma kwa fulani, naye kwa fulani. Ruhusa ni ya kitabu hicho. Ukisoma sarufi kwake, ijaza yake haikupi haki ya kugawa mirathi ya watu. Na silsila huhojiwa. Je, fulani na fulani waliwahi kukutana? Waliishi zama moja? Pakiwa na pengo, wanaojua watakuambia pana pengo.

Sasa kichukue cheti changu cha Kukkiwon. Kina jina langu, dani, namba, tarehe, na sahihi ya rais wa Kukkiwon, mtu aliye Seoul ambaye hajawahi kuniona nikiinua mguu. Jina la fundi wa friji halimo. Alichonifundisha hakimo. Taasisi inayohubiri nasaba ya miaka 2,000 inatoa karatasi isiyoweza kutaja hata mwalimu mmoja.

Wenzetu wa hapkido wana kisa kinachonisaidia hapa. Choi Yong-sool, aliyezaliwa mwaka 1904, alisema alipelekwa Japani akiwa mtoto na akakaa kwa Takeda Sokaku, bingwa wa Daito-ryu, kwa miaka mingi. Takeda alikuwa mtu wa daftari: waliojifunza kwake waliandika majina na kupiga mihuri. Daftari zipo hadi leo, na jina la Choi halijapatikana humo. Wafuasi hujibu kwamba mtumishi wa nyumbani haandikishwi kama mwanafunzi. Wapinzani hujibu kwamba hilo ndilo jibu la kila tapeli. Wamebishana miongo kwa miongo, na wangali wanabishana.

Mimi navutiwa zaidi na yaliyotokea Daegu mwaka 1948. Kwa masimulizi yanayotolewa katika hapkido, Choi alikwenda kwenye kiwanda cha pombe kuchukua makapi ya nafaka ya kulishia nguruwe wake, ukazuka ugomvi, akawaangusha waliomvamia mmoja baada ya mwingine. Seo Bok-seob, ambaye kiwanda kilikuwa cha familia yake, alikuwa anatazama. Alikuwa na mkanda mweusi wa judo, kwa hiyo alijua anachokitazama. Akamwita, na akawa mwanafunzi wake wa kwanza. Hakudai daftari. Alikuwa na macho ya mtu aliyefundishwa, na mbele yake kulikuwa na mtu anayejua kitu ambacho yeye hakijui. Kuanzia hapo nasaba ya hapkido ina majina mawili ambayo hakuna anayeyabishia, Choi na Seo, na kutoka kwao sanaa nzima ikaota. Nyuma ya Choi pana giza kiasi. Sioni kwa nini giza hilo limwondolee mtu haki ya kufundisha alichokifundisha Daegu kwa mikono yake.

Kwa upande mwingine, nasaba ya kweli nayo haikuleta amani. Song Deok-gi, aliyezaliwa mwaka 1893, aliijua taekkyon kutoka enzi ya kabla ya Wajapani, na kwa muda mrefu alikuwa karibu peke yake. Mwaka 1983 serikali ya Korea Kusini iliitambua taekkyon kuwa urithi wa taifa, mzee akafariki 1987, UNESCO ikaiorodhesha 2011. Uzi mmoja mwembamba, halali kabisa. Waliobaki wakagawana vyama, kila kimoja kikidai ndicho kilichoshika ncha.

Kuna mwenzangu ninayemheshimu ambaye huniambia, "Ukiwaondolea watu nasaba, kesho kila aliyetazama video atafungua ukumbi." Ana haki ya kuogopa, tayari wapo, na wanaharibu magoti ya watoto wa watu. Lakini anayefungua ukumbi kwa video hazuiwi na Hwarang. Yeye ndiye wa kwanza kuwabandika ukutani, tena kwa rangi. Hadithi ya miaka 2,000 ni mali ya yeyote, haina lango, na ndiyo maana tapeli anaipenda. Kinachomtoa jasho ni maswali madogo: Ulijifunza kwa nani? Wapi, miaka mingapi? Alikusahihisha nini? Tunaweza kumpigia simu? Nataka nasaba, tena naitaka kwa ukali zaidi ya huyo mwenzangu. Naitaka fupi, yenye majina ya watu waliogusana, na penye pengo paachwe pengo.

Hwang Kee, mfanyakazi wa reli aliyeanzisha Moo Duk Kwan mwaka 1945, alisimulia kwamba baadhi ya aliyoyajua aliyapata kwenye vitabu vya karate ya Okinawa alivyovisoma katika maktaba ya shirika la reli. Nampenda kwa maktaba hiyo. Baadaye, mwaka 1957, alikutana na Muye Dobo Tongji, kitabu cha mafunzo ya kijeshi cha mwaka 1790, akakitumia kuipa sanaa yake mizizi ya Kikorea. Kusoma kitabu ni jambo la heshima, na mtu aweza kujifunza mengi humo. Ila kitabu hakikuzai. Aliyesoma aseme nimesoma, aliyefundishwa aseme nimefundishwa, aliyebuni aseme nimebuni. Maneno hayo matatu yangetosha kurasa zote za historia za vijitabu vyetu, na nafasi ingebaki ya kuchora wayo na mishale ya kuonyesha unageuka upande gani.

Nimeiandikia kamati ya mitihani barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba swali la umri liondolewe, au jibu lake lirekebishwe. Nimeomba pia kwamba cheti cha mkanda kinachotolewa na chama chetu kitaje, chini ya jina la mwanafunzi, jina la aliyemfundisha na aliyemfundisha huyo, pamoja na orodha ya aliyofundishwa. Cheti cha Seoul sitarajii kibadilike kwa ajili yangu. Hiki cha kwetu tunakichapa wenyewe dukani, shilingi ishirini nakala, na chini ya sahihi pana nafasi tupu ya vidole vinne.